Fundi Menashi na Sura ya Mwisho

Siku Fundi Menashi alipofunga kitabu cha Ayubu mbele ya sinagogi nzima na kukataa kusoma mwisho wake, harusi ya mwanangu na binti yake ilikuwa imebakiza siku sita. Watu wa mtaani kwetu Ramat Gan walisema amerukwa na akili. Wengine walisema amekufuru. Mimi niliyeishi ng'ambo ya duka lake miaka tisa, na kumwona kila siku kutoka kwenye roshani yangu, najua hakuwa hivi wala vile. Nayaandika haya pia kwa sababu mwanzo wa jambo lenyewe ulitoka kinywani mwangu.

Alikuwa mtu mfupi, mabega yameinama, kama wote wanaoishi juu ya cherehani. Kule Baghdad aliwashonea suti mawakili na wenye meli za mtoni. Tulipoletwa huku kwenye nchi mpya ya Wayahudi, alianza katika kambi ya mahema, cherehani juu ya kasha la machungwa, akitia viraka suruali za watu waliokuwa mabwana kwao. Hakulalamika. Alikuwa na tabia moja tu iliyowaudhi watu: akikutana na mtu mwenye koti, kabla hata ya salamu atamshika kola, ataigeuza ndani, atachungulia mshono.

"Hili limekatwa na mtu mmoja na kushonwa na mwingine," atasema. "Mkataji alikuwa fundi. Mshonaji alikuwa na njaa."

"Niachie koti langu, Baba Fuad, nachelewa basi!"

"Nenda, nenda. Ila ujue kwapa la kushoto halitamaliza mwaka."

Na kweli halikumaliza.

Jambo jingine alilojulikana nalo ni usomaji. Siku ya kufunga ya Tisa Av, tunapolilia Hekalu lililobomolewa, haturuhusiwi kusoma Torati, kwa sababu Torati huufurahisha moyo. Kinachoruhusiwa ni maandiko ya huzuni. Kwetu sisi watu wa Baghdad husomwa Ayubu, mstari kwa Kiebrania, mstari kwa Kiarabu chetu cha nyumbani, ili wazee na sisi wanawake nyuma ya pazia tuelewe. Baba yake Menashi alisoma hivyo miaka arobaini, na yeye akarithi. Alisoma bila mbwembwe, kama mtu anayepima kitambaa. Ndiyo maana tulilia.

Alikuwa na watoto wawili, Fuad na Nazima. Mimi nina Sasson na wadogo zake. Fuad na Sasson walikua pamoja tangu kambini, hata ukimpiga mmoja unamsikia mwingine analia. Sasson alipomposa Nazima hakuna aliyeshangaa. Tulipanga harusi iwe tarehe kumi na tano ya mwezi wa Av, siku sita baada ya mfungo, siku ambayo tangu enzi za kale ni ya harusi.

Wiki moja baada ya sikukuu ya Majuma, mwaka wa sitini na mbili, vijana wale wawili walikwenda kuogelea baharini Bat Yam. Wazo lilikuwa la Sasson. Aliporudi alikuwa peke yake na amebeba viatu jozi mbili. Bahari ilimrudisha Fuad siku ya pili.

Kwetu anayekwenda kuhani msiba huingia bila salamu, hukaa chini, na hafungui kinywa mpaka mfiwa aseme kwanza. Desturi hiyo imetoka humo humo katika Ayubu, maana rafiki zake walikaa naye mchangani siku saba bila kusema neno. Menashi mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo zamani. Kwa hiyo sina kisingizio.

Nilikwenda siku ya tatu ya matanga. Alikuwa kwenye godoro sakafuni, shati lake limepasuliwa kifuani kama ilivyo sheria yetu. Kumwona fundi yule na nguo iliyochanika kulinitoa machozi. Mama Fuad alikuwa pembeni yake, na Nazima karibu na mlango. Hakuna aliyesema. Nilikaa. Nikaona Mama Fuad ananitazama miguu. Nikawaza, anafikiria viatu vile. Nikawaza, wanamlaani mwanangu mioyoni mwao. Kimya kile sikukiweza, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshasema:

"Baba Fuad, usijihesabu huna mtoto wa kiume. Kuanzia leo Sasson ni mwanao. Mungu ametwaa mmoja, amekupa mwingine."

Mama Fuad alijiziba kinywa kwa kitambaa cha kichwani. Menashi aliinua uso polepole.

"Umelipata wapi hilo, Mama Sasson?"

"Nimelisema tu, ndugu yangu. Nisamehe."

"Hukulisema tu. Limeandikwa. Liko kwenye sura ya mwisho."

Nilitoka.

Keshoye aliingia Rabi Sion, mzee mwembamba mwenye kikohozi, na nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimepeleka dengu na mayai, chakula cha wafiwa. Rabi alikaa chini, akanyamaza ipasavyo. Menashi akaanza.

"Nani aliandika Ayubu?"

Rabi akapumua. Mwalimu akiulizwa swali huona amepata pa kushika.

"Wahenga wetu wa Babeli walilibishania hilo. Wako waliosema ni Musa. Wako waliosema Ayubu alikuwa miongoni mwa waliorudi kutoka uhamishoni. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema Ayubu hakuwepo kabisa, hakuumbwa, ni mfano tu."

"Hakuwepo?"

"Alisema hivyo. Mwalimu wake akamjibu: kama ni mfano, mbona limetajwa jina lake na jina la nchi yake?"

"Na wale watoto wake kumi walioangukiwa na nyumba? Nao ni mfano?"

"Baba Fuad, kula yai."

"Nimeuliza, Rabi."

"Nami sijui. Kula yai, mwanangu. Tangu asubuhi hujala."

Siku saba zikaisha, na siku thelathini zikaisha. Kwa sheria yetu mtu akifiwa na mtoto, matanga yake yanakoma hapo. Rabi akaja kusema harusi isiahirishwe, kwa kuwa kwetu harusi iliyopangwa haisogezwi hata msiba ukiingia nyumbani. Menashi alifungua duka. Lakini hakushona. Suti ya harusi ya Sasson ilikuwa imevalishwa sanamu la mbao la kupimia nguo, imeshikizwa kwa nyuzi nyeupe, haina mikono. Yeye alikaa chini yake na kitabu kile kile. Vitabu vingine vyote alikuwa ameruhusiwa tayari, Zaburi, Torati, chochote cha kumchangamsha. Hakuvigusa. Nilikuwa nachambua mchele roshanini na jicho langu liko pale. Alikuwa akifungua mwanzo, anaruka mwisho, anarudi katikati. Wakati mwingine alipitisha kidole gumba kwenye ukurasa, hivi, kama anavyotafuta fundo kwenye kitambaa.

Nazima akanijia jikoni.

"Mama, nikimuuliza baba habari za harusi, ananiuliza nani aliandika. Nitajuaje mimi? Nimesomea kupiga chapa!"

"Na mama yako?"

"Mama anasema tumwache. Tumwache mpaka lini? Na Sasson hapiti tena mtaani kwetu. Anazunguka kwa nyuma, kule kwenye mapipa, ili baba asimwone."

Hilo nilikuwa nimeliona. Mwanangu alikuwa amekonda. Nilijua wazi: Menashi asipotoka kwenye kitabu kile, hakuna harusi, na pasipo harusi Sasson ataamini maisha yake yote kwamba amehukumiwa.

Basi nikachukua koti la mume wangu, eti limeachia kifungo, nikavuka barabara. Menashi hakulitazama koti.

"Njoo uone, Mama Sasson." Alinivutia kigoda. "Mwanzo wake ni kitambaa chepesi. Palikuwa na mtu, tajiri, mwema, ana kondoo, ana watoto. Hadithi. Mwisho wake ni kitambaa hicho hicho. Lakini hapa katikati mtu anapiga kelele. Anamwambia Mungu, niletee mashtaka yangu niyaone. Maneno mazito, mengine baba yangu alikuwa hayajui mpaka anakufa. Haya hayakukatwa na mkono mmoja."

"Nani basi?"

"Wa katikati alizika mtoto. Jina lake silijui, ila namtambua, kama unavyomtambua mtu wa Mosul akifungua mdomo. Huyu wa mwisho alikuja baadaye. Alikuwa mhani, mtu aliyekuja kutoa pole. Amechoka kukaa sakafuni, magoti yanamuuma, anataka kwenda kwake akale. Akampa Ayubu watoto kumi wapya, akafunga mlango."

Alisema bila hasira. Mimi nikajiona nimeandikwa humo, na magoti yangu.

"Hayo Rabi anayajua?"

"Rabi hajui kushona."

Ilinipasa nimwonye mume wangu, au nimwambie Rabi, kwa sababu Tisa Av ilikuwa wiki iliyofuata na kila mtu alijua nani atasoma. Sikumwambia mtu. Nilijiambia labda atasoma tu kama kawaida. Ninapoogopa sana huwa nanyamaza mahali pa kusema, na kusema mahali pa kunyamaza.

Siku ya mfungo ikafika, Alhamisi, joto la kuyeyusha lami. Tulikuwa tumekaa sakafuni, wanaume kwao, sisi nyuma ya pazia, midomo imekauka. Menashi alisoma vizuri kuliko miaka yote. Kiarabu chake kilikuwa kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili. Alifika mahali Ayubu amesikia sauti kutoka kwenye tufani, anasema sasa amemwona Mungu, naye ni mavumbi, na anakoma. Menashi naye akakoma. Akafunga kitabu, akakibusu.

"Endelea, Baba Fuad," Rabi akasema. "Bado kidogo."

"Yaliyobaki hayakuandikwa na yeye."

Nikasikia sauti ya mume wangu, Murad, dereva wa basi, ambaye hata akiomba chumvi hupiga kelele.

"Hayakuandikwa na nani?"

"Na Ayubu. Wala na huyo aliyemlilia Ayubu. Yameongezwa."

"Wewe fundi cherehani unaingiza mkasi kwenye maandiko matakatifu?"

"Nakata palipo na mshono, Murad."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. "Kafiri!" mwingine akapaza sauti. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na pazia akanung'unika, "Jamani tumefunga, mtu hata mate hana, mnagombana kwa nguvu gani?" Rabi alikohoa mpaka akashika ukuta. Menashi alivaa viatu vyake vya kitambaa mlangoni na kwenda zake, na hakuna aliyemfuata isipokuwa Nazima, aliyetoka upande wetu akiwakanyaga watu.

Nyumbani Murad hakukaa.

"Harusi hakuna."

"Baba Sasson..."

"Nimesema hakuna! Watu wote wamesikia. Nimpeleke mwanangu kwenye nyumba ya mtu anayemrekebisha Mungu? Nimeongea na Rabi. Sabato hii ni Sabato ya Faraja, na mwisho wa Ayubu ni faraja. Asimame baada ya sala ya alasiri, asome sura aliyoiacha, yote, Kiebrania na Kiarabu. Akisoma, Jumatano tunacheza. Asiposoma, kila mtu na wake."

Sasson alikuwa mlangoni.

"Mnamlazimisha kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya heshima!"

"Fuad hakutaka kwenda siku ile, baba. Alisema upepo mbaya. Nilimwita mwoga." Alisema hivyo akitazama vigae vya sakafuni. Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia. "Leo mnataka baba yake asome kwamba alipewa mwingine. Na huyo mwingine ni nani? Ni mimi."

Murad hakubadilisha alichosema.

Ijumaa asubuhi niliweka kuku wa Sabato jikoni kwa moto mdogo, nikamwachia binti yangu, nikavuka. Safari hii sikuchukua koti. Menashi alikuwa amekwisha kuletewa habari na Rabi. Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa, na chaki juu yake.

"Umekuja kuniambia nisome."

"Nimekuja kukuambia kwamba sijui nikuambie nini. Sasson hajalala, hajala. Nazima naye hivyo hivyo. Usiposoma, Murad hatarudi nyuma, unamjua. Ukisoma, najua utakuwa umemzika Fuad mara ya pili, na ni mimi niliyelianzisha, kwa ulimi wangu huu."

"Uliogopa tu."

"Bado naogopa."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kimo cha mteja.

"Nisomee hiyo sehemu," nikasema. "Mimi nimeisikia kila mwaka nikiwa na njaa, akili iko kwenye chakula cha kufuturu. Nisomee hapa, nijue ni kitu gani tunakuomba."

Alikataa. Kisha akafungua. Alisoma kwa Kiarabu tu, haraka, kama anayeng'oa nyuzi za kushikizia. Mungu akamrudishia Ayubu, akampa mara mbili ya vyote alivyokuwa navyo. Kondoo elfu kumi na nne. Ngamia elfu sita. Jozi elfu za ng'ombe. Punda majike elfu.

Mimi sikusoma sana. Miaka minne ya shule ya wasichana ya Baghdad, basi. Lakini nimelea watoto sita, na kazi yangu kubwa duniani imekuwa kuhesabu vichwa: kwenye kivuko, sokoni, kambini kwenye foleni ya maji. Siwezi kusikia hesabu nikaiacha ipite.

"Mwanzoni kondoo walikuwa wangapi?"

"Elfu saba."

"Na ngamia?"

"Elfu tatu."

"Kwa hiyo kweli mara mbili."

"Nimekwambia, vyote mara mbili, imeandikwa."

"Haya. Na watoto?"

"Wana saba na mabinti watatu."

"Mwanzoni?"

"Wana saba na mabinti..."

"Mbona hao hawakuzidishwa?"

Menashi alirudi ukurasa wa kwanza. Aliweka kidole. Akaja wa mwisho, akaweka kidole cha pili. Akarudi tena. Nje muuza barafu alikuwa akigonga kengele, na watoto wanakimbia, nami nikajikuta nimeshaanza kuwahesabu. Nilidhani nimesema upuuzi, nikataka kuondoka.

"Kaa," akasema. "Baba yangu aliisoma miaka arobaini. Mimi ishirini na minane. Na wewe unachambua mchele."

"Labda alikosea tu, huyo mwandishi."

"Aliyepatia ngamia akakosea watoto?" Aliondoa miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, madogo, ya mtu aliyesahau kuyafunga. "Kondoo akifa amekufa, unanunua wengine. Ukitaka mara mbili, unahesabu walio zizini tu. Lakini watoto aliwapa kumi. Kumi, Mama Sasson. Kama wale wa kwanza wangekuwa wametoka kwenye hesabu, angempa ishirini. Hawakutoka. Kumi na kumi."

Sikulielewa palepale. Nililielewa nikiwa katikati ya barabara narudi, kwamba mtoto aliyekufa bado anahesabiwa, hata gari likanipigia honi. Pale dukani nilishika jambo moja tu.

"Basi huyu wa mwisho si mhani mwenye njaa," nikasema.

"Sijui ni nani. Mshono upo, mimi siwezi kusema haupo. Lakini huyu aliyeunga alijua anachokiunga." Alivaa miwani. "Nitasoma. Lakini usiende kuwaambia watu kwamba nimefarijika. Sikufarijika."

"Sitawaambia."

"Na Sasson aache kupita kwenye mapipa. Kunanuka."

Sabato alasiri sinagogi ilijaa, hata wale wasioonekana mpaka siku kuu ya toba, Kippur, walikuja, kama watu wanaokwenda kuangalia moto. Rabi alimwita. Menashi alisimama, hakutazama watu. Alianzia alipoachia. Alisoma kondoo, akasoma ngamia, mstari Kiebrania, mstari Kiarabu, sauti kavu. Alisoma wana saba na mabinti watatu. Kisha akanyanyua uso kuelekea kwenye pazia letu, na kwa Kiarabu akasema neno moja lisilokuwemo:

"Ishirini."

Mama Fuad, aliyekaa bega kwa bega nami, alinishika mkono kwa nguvu nikadhani mfupa utavunjika. Alikuwa hajanigusa tangu matanga.

"Haikuandikwa ishirini!" Murad akapiga kelele.

"Kaa chini, Murad," Rabi akasema. "Kilichoandikwa amekisoma. Hesabu ni yake."

"Rabi, makubaliano yalikuwa..."

"Yalikuwa asome. Umesikia amesoma? Kaa."

Menashi akamaliza mpaka mwisho wa mwisho, pale Ayubu anapokufa mzee ameshiba siku. Baadhi ya watu walimpa mkono, wengine walipita kando, na wako ambao mpaka leo hawamwiti kusoma kitu. Mwaka uliofuata, siku ya Tisa Av, kitabu kilisomwa na mtu mwingine, mwenye sauti nzuri. Wanawake hawakulia.

Jumatano tulifanya harusi katika ukumbi mdogo karibu na sinema. Suti haikuisha. Menashi alijaribu kutia mikono siku tatu zile, akaishia kuiacha, na Sasson alivaa ya mjomba wake iliyombana mabega. Chini ya kile kitambaa cha harusi kinachotandazwa juu ya maharusi, Menashi alisimama upande wa binti yake. Alifanya yote yaliyompasa. Hakumtazama mwanangu usoni, wala mwanangu hakumtazama. Mimi nilikuwa nawatazama wote wawili, na mkono wangu unabana mkoba kana kwamba kuna mtu atauiba.

Kwenye chakula alikuja kukaa kwenye meza yetu, ya wazazi wa pande zote mbili, shangazi yake Murad, Shangazi Massuda wa Petah Tikva. Alikuwa hospitalini majira yote yale ya joto kwa ajili ya nyonga, na katika hekaheka hakuna aliyekumbuka kumweleza. Mimi nilikuwa na wajibu huo na niliusahau. Alimwinamia Menashi, bangili zinalia, mdomo umejaa wali.

"Baba wa bibi harusi! Hongera. Binti kama mwezi. Una watoto wangapi, Mungu awalinde?"

Kijiko changu kilisimama hewani. Nilimwona Mama Fuad ameacha kutafuna. Sasson alikuwa amefika nyuma ya kiti cha Menashi, anagawa vinywaji kama bwana harusi mwenye adabu, trei mkononi.

"Wawili," Menashi akasema.

"Wawili! Mungu akuongezee. Huyo mwingine yuko wapi? Mbona simwoni akicheza?"

"Hakuja."

"Hakuja? Harusi ya dada yake? Aa, vijana wa siku hizi, hawana haya kabisa!"

"Ndiyo," Menashi akasema. "Hakuja." Akamsogezea sahani ya achari ya maembe.

Trei ya Sasson ilianza kulia, bilauri zinagongana. Aliiweka mezani. Hakusema kitu, na mimi pia, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, sikusema kitu. Aliweka mkono wake kwenye kiegemeo cha kiti cha mkwewe, karibu na bega, bila kuligusa. Menashi hakugeuka. Lakini aliegemea nyuma, polepole, mpaka kitambaa cha koti lake kikafika kwenye vidole vya mwanangu, akabaki hivyo, anamsikiliza Shangazi Massuda habari za nyonga.